Mizani haijui protini: hesabu ya gunia moja la mahindi Mpanda

Msimu wa 2024 Serikali ilitangaza kwamba Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, utanunua mahindi kwa Sh700 kwa kilo. Gunia la kilo 100 likawa Sh70,000. Miaka miwili kabla ya hapo, ruzuku ya mbolea ilipoanza, mfuko wa kilo 50 wa urea ulishushwa mpaka Sh70,000 hiyo hiyo. Kwa mkulima wa Nsimbo au wa Mpimbwe, mkoani Katavi, hesabu hiyo haihitaji kalamu: gunia moja liende, mfuko mmoja urudi. Bei za msimu huu zinaweza kuwa nyingine, lakini namba mbili zinazolingana hivi ni zawadi kwa mtu anayetaka kupiga hesabu, nami nimeamua kuipokea. Gunia ninalolizungumzia ni la kilo 100 kamili. Lumbesa tuiache huko iliko. Sheria imeikataa, na hesabu yangu pia inaikataa.

Ninachotaka kujua ni kilichomo ndani. Punje moja ya mahindi ina uzito wa gramu 0.3 hivi, kwa hiyo gunia lina punje laki tatu na zaidi. Kila punje ni mche mchanga uliofungiwa chakula chake cha safari, na chakula hicho kimejengwa kwa molekuli kubwa za makundi manne yale yale yanayomjenga mkulima, ng'ombe wake, kiboko wa mto Katuma na bakteria wa kwenye udongo: wanga na jamii yake, protini, mafuta, na asidi za kiini, yaani DNA na ndugu yake RNA. Maisha yote tunayoyajua yameridhika na orodha hiyo fupi.

Tulifungue gunia. Katika kilo 100 za mahindi yaliyokauka vizuri, takriban kilo 12 ni maji. Wanga ni kilo 64. Nyuzinyuzi ni kilo 8, protini kilo 9, mafuta kilo 4 na nusu. Kilo mbili na nusu zilizobaki ni sukari nyepesi na madini. DNA imo katika kila seli ya kila punje, lakini ni kidogo mno hata majedwali ya vyakula hayaisumbukii. Sasa gawa Sh70,000 kwa uzito huo: mnunuzi amelipa Sh44,800 kwa wanga, Sh8,400 kwa maji, Sh6,300 kwa protini, Sh5,600 kwa nyuzinyuzi, Sh3,150 kwa mafuta, na Sh1,750 kwa mabaki. Kila gramu imelipwa senti 70, iwe ya maji iwe ya protini. Mizani imewasawazisha wote. Mwili hauwasawazishi, na wala mmea ulioyazaa mahindi hayo haukuwasawazisha.

Wanga ndio bidhaa rahisi kuliko zote, na tutaona kwa nini. Reli inayoingia Mpanda kutoka Kaliua ina urefu wa kilomita 210. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Molekuli ya wanga ni treni ya namna yake, na mabehewa yake yote ni ya aina moja: glukosi. Behewa linapofungwa kwenye jingine, molekuli moja ya maji hutolewa. Ukitaka kulifungua, sharti maji hayo uyarudishe. Kazi yote ya kumeng'enya ugali tumboni ni hiyo, kurudisha maji kwenye viungo kimoja baada ya kingine. Karibu robo ya wanga wa mahindi ni treni zilizonyooka, zinaitwa amilosi. Robo tatu ni amilopektini, ambayo kila baada ya mabehewa ishirini hivi huchepusha tawi, na molekuli yake moja huweza kupita glukosi laki moja. Kama behewa lina mita 12, treni ya mabehewa laki moja ingekuwa na kilomita 1,200. Huo, kwa makadirio, ni urefu wa reli yote kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda, na mabehewa hayajaachiana hata nafasi moja. Kilo 64 za wanga katika gunia letu zina glukosi ambazo idadi yake ni 24 ikifuatwa na sifuri 25.

Idadi hiyo inatisha, lakini malighafi yake ni hewa ya kaboni na maji, na nguvu ni ya jua. Hakuna anayetuletea ankara ya vitu hivyo. Ndiyo maana mmea unautengeneza wanga kwa wingi hivyo, na ndiyo maana nguvu za mwili zinazotokana nao ni nafuu. Gunia zima lina kilokalori 365,000. Mtu mzima anayetumia 2,300 kwa siku angeweza kuishi nalo siku 158, kwa gharama ya Sh440 hivi kwa siku. Nguvu peke yake, hesabuni hivyo. Kuni, chumvi na kusaga havimo.

Shambani kumebaki mabua na magunzi, na uzito wake haupungui sana ule wa mahindi yenyewe. Zaidi ya theluthi ya uzito huo ni selulosi, na selulosi nayo ni glukosi tupu. Tofauti yake na wanga ni namna behewa linavyofungwa: katika selulosi kila behewa la pili limegeuzwa kichwa chini. Mgeuko huo mmoja unatosha kuzifanya treni zilale sambamba, zishikane kwa nguvu na kuwa kamba ngumu inayosimamisha mti wa mninga. Tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kufungua kiungo hicho. Ng'ombe naye hana, ila anafuga bakteria walio nacho. Kiboko vilevile, ingawa yeye hacheui. Ukifika Hifadhi ya Taifa ya Katavi mwisho wa kiangazi, wakati Katuma imebaki madimbwi na viboko wamesongamana kama magunia ghalani, kumbuka kwamba kila mmoja wao usiku alikula majani ya takriban kilo 40, yaani glukosi ile ile inayouzwa Sh700 sokoni, imefungwa tu kwa kufuli ambalo sisi hatuna ufunguo wake.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu hapo ndipo molekuli hizi zinapoleta ugomvi wa kweli.

Punje za wanga ndani ya unga zimefungamana na hazipendi maji baridi. Joto likifika nyuzi 62 na kuendelea, zinafunguka, zinanyonya maji na kuvimba. Uji unakuwa mzito. Mama akitaka mtoto anywe bila kukabwa, atabaki kwenye gramu 10 za unga kwa kila mililita 100 za uji, na zaidi ya hapo kijiko kinasimama. Kikombe cha robo lita kina gramu 25 za unga, basi: kilokalori 90, protini gramu 2 na robo. Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12 anahitaji kilokalori 1,000 hivi kwa siku. Kwa uji huo mtupu angetakiwa anywe vikombe 11. Tumbo lake linapokea kikombe kimoja na kidogo kwa mlo. Gawanya mwenyewe. Mtoto anashiba maji, na nyumba ina gunia kamili kwenye kona.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliona kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Katika mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, yote mikubwa kwa mahindi, ni karibu nusu au zaidi ya nusu. Katavi ilikuwa sehemu ya Rukwa hadi 2012. Udumavu una sababu nyingi, maradhi ya kuhara na mzigo wa kazi wa mama vikiwemo, na sitaki kuutundika wote kwenye sufuria ya uji. Lakini mtu akiniambia kwamba haelewi inakuwaje mkoa unaouza chakula unadumaza watoto, humwonyesha kikombe hicho cha gramu 25.

Suluhisho moja lilikuwepo jikoni kabla ya maabara. Ulezi ukilowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa, unapata kimea, kile kile kinachotiwa kwenye togwa. Nafaka inapochipua hutengeneza amilesi, kimeng'enya cha kukata wanga. Amilesi yenyewe ni protini: molekuli kubwa ya kundi moja kazi yake kuivunja molekuli kubwa ya kundi jingine. Moja tu hukata mamia ya viungo kwa sekunde, na ikimaliza hapa inahamia pale bila kuchakaa. Kijiko kidogo cha kimea kwenye sufuria ya uji mzito uliopoa kidogo, na baada ya dakika chache uji unalainika, kana kwamba umeongezewa maji, kumbe hayajaongezwa. (Usiutie ukiwa unachemka; joto kali linaiharibu amilesi. Ukishalainika ndipo uuchemshe tena.) Sasa unga unaweza kuwa gramu 20 kwa mililita 100 na mtoto akanywa. Vikombe 11 vinakuwa vitano na nusu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliihimiza njia hii tangu miaka ya 1980, na mpaka leo sijaona chakula cha dukani kinachoipita kwa bei.

Mate yetu nayo yana amilesi. Watu hutofautiana kwa idadi ya nakala za jeni lake, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi na zinazokula kidogo. Kati ya walioshiriki walikuwemo Wahadzabe, wachimba mizizi, upande wa wanga mwingi, na Wadatoga, watu wa maziwa na nyama, upande wa pili. Wala wanga walikuwa na nakala karibu 7 kwa wastani, wengine 5 na ushei. Majirani wa nchi moja, na ugali wao umeandikwa tofauti kwenye damu.

Protini haifanani na wanga kwa gharama hata kidogo. Treni yake ina mabehewa ya aina 20, yaani asidi amino 20, na mpangilio wake lazima ufuatwe behewa kwa behewa. Ili kufunga asidi amino moja tu kwenye mnyororo, seli hulipa molekuli nne za ATP au kitu kinacholingana nazo. ATP ndiyo sarafu ambayo viumbe vyote huitumia kulipana nguvu. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ina asidi amino 574. Nauli yake ni kama ATP 2,300. Chembe nyekundu moja ina himoglobini milioni 270 hivi, na mwili wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Umesoma sentensi hiyo, na uboho wa mifupa yako umeshalipa nauli ambayo sina jina la kuitaja.

Pamoja na hayo, nguvu si tatizo. Mtu wa kilo 60 huvunja na kujenga upya gramu 250 hivi za protini mwilini mwake kila siku. Nauli ya kuzifunga tena inafika kilokalori 200, sawa na gramu 55 za mahindi. Chini ya Sh40 kwa siku! Ukarabati wa nyumba nzima kwa bei ya pipi. Kinachouma ni malighafi. Sehemu kubwa ya asidi amino zilizovunjwa hutumika tena, ila nyingine hupotea, ndiyo maana mtu huyo anahitaji kula protini gramu 50 kwa siku. Na kati ya asidi amino 20, tisa hatuwezi kuzitengeneza. Ikipungua moja kati ya hizo tisa, treni inasimama stesheni hata kama mabehewa mengine yamejaa uani.

Kwa mahindi, behewa linalopungua ni laisini. Protini nyingi ya punje ni zeini, ghala la mmea, na zeini karibu haina laisini kabisa. Gramu 100 za mahindi zina miligramu 250 hivi. Mtu wetu wa kilo 60 anahitaji miligramu 1,800 kwa siku. Akila ugali wa dona mpaka atosheke kwa nguvu, gramu 630, atapata 1,575 kwenye karatasi, na tumboni pungufu ya hapo kwa kuwa protini ya mahindi haimeng'enywi yote. Atabaki na robo tatu ya anachohitaji. Ameshiba lakini hajatimia.

Maharage yana miligramu 1,500 za laisini kwa gramu 100, mara sita ya mahindi. Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, wanaopandishwa kutoka Karema na Ikola, wanakaribia 4,800, mara kumi na tisa. Kwa hiyo mahindi yakiwa Sh700, laisini ya maharage ni nafuu kuliko ya mahindi maadamu kilo ya maharage haijafika Sh4,200. Ya dagaa, maadamu kilo haijafika Sh13,300. Nenda sokoni na namba hizo mbili mfukoni. Mtu anayesema mboga ni anasa na ugali ndio chakula amehesabu kwa debe, na debe, kama mizani, halijui laisini.

Watafiti walijaribu kuitatua shida hii ndani ya mahindi yenyewe. Mwaka 1964 huko Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, iliripotiwa kwamba jeni moja lililobadilika, opaque-2, hupunguza zeini na kuipandisha laisini karibu mara mbili. Punje zake zilikuwa laini, zikipendwa na wadudu. Surinder Vasal na Evangelina Villegas wa kituo cha CIMMYT, Mexico, walitumia miaka mingi kuzifanya ngumu, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Tanzania ikatoa mbegu zake za namna hiyo, zikiitwa Lishe. Mbegu nzuri, ila hazikutawala mashamba, nami sishangai: mnunuzi hakulipa hata senti moja zaidi kwa laisini asiyoiona.

Turudi kwenye ule mfuko wa urea, maana deni lote la protini linaishia pale. Wanga hauna naitrojeni. Mafuta hayana. Protini inayo, na asilimia 16 ya uzito wake ni hiyo. Kilo 9 za protini katika gunia zimebeba naitrojeni kilo 1.44. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo kila gunia linaloondoka Katavi kwa lori au kwa behewa limeondoka na kilo 3.1 za urea ndani yake. Kwa bei ya ruzuku ya Sh70,000 kwa mfuko, hizo ni Sh4,400. Lakini mmea haudaki mbolea yote. Nusu, na pengine zaidi, huchukuliwa na mvua au kurudi hewani. Ili kilo 3.1 ziingie kwenye punje, itabidi umwage kilo 6 na zaidi, yaani Sh8,800. Na protini yenyewe imeuzwa kwa bei gani kwenye kituo cha ununuzi? Sh6,300.

Hiyo ndiyo namba iliyonifanya niandike makala hii. Mkulima anayerudisha kwa mbolea ya duka naitrojeni yote iliyotoka, anauza protini kwa bei iliyo chini ya gharama ya kipengele kimoja tu cha protini hiyo. Anachopata faida ni wanga, unaotokana na hewa. Kama faida bado inaonekana, mara nyingi ni kwa sababu udongo unamlipia. Shamba jipya lililofyekwa kwenye miombo lina akiba ya miaka mingi ya majani yaliyooza. Misimu michache ya kwanza linatoa mahindi bila urea, kisha akiba inakwisha na shoka linasogea mbele. Idadi ya watu wa Katavi ilikuwa 564,604 mwaka 2012, na 1,152,958 mwaka 2022. Imezidi mara mbili kwa miaka kumi. Miombo haizaani kwa kasi hiyo.

Karanga na maharage yana mlango wa nyuma. Kwenye mizizi yao kuna vinundu vya bakteria wanaoweza kuvunja naitrojeni ya hewa, ambayo ni karibu asilimia 78 ya pumzi unayovuta. Kila molekuli moja ya naitrojeni inawagharimu ATP 16, na anayelipa ni mmea, kwa sukari. Kwa mwenye shamba si bure kabisa, kwa kuwa sukari hiyo ingekuwa mazao. Karanga hazitoi magunia mengi kwa ekari kama mahindi. Lakini sukari, tumeshaona, inatokana na jua, na jua la Mpanda halihitaji ruzuku.

Mafuta nitayapita haraka, na kwanza nikiri kwamba vitabu huyaweka kundi moja na molekuli kubwa kwa mazoea tu. Molekuli ya mafuta ni ndogo, haina treni. Umuhimu wake uko kwenye ghala. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4. Wanga wa mwilini, glikojeni, huhifadhiwa pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu moja. Mtu mwembamba mwenye kilo 10 za mafuta ana akiba ya kilokalori 90,000. Angeiweka akiba hiyo kwa glikojeni angebeba kilo 90 pamoja na maji yake, karibu gunia zima mgongoni kila aendako.

Nyuki wa Inyonga wanaijua gharama hii kuliko sisi. Nta ni ya jamii ya mafuta, asali ni sukari nyepesi. Hesabu inayotumika sana kwa wafugaji ni kwamba nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili watoe kilo moja ya nta. Anayevuna mzinga wa gogo kwa kukata masega yote anapata asali na nta leo, kisha anawaacha nyuki walipe upya kodi ya ujenzi kwa asali ambayo ingekuwa yake msimu ujao.

Imebaki DNA, kidogo kuliko zote kwa uzito. Mtu mmoja ana gramu 20 hivi. Ukikusanya ya watu wote wa Katavi haifiki tani 25, na kwa kuwa wengi wao ni watoto, ni pungufu ya hapo kwa mbali. Katika kila seli yenye kiini kuna uzi wa mita 2 uliokunjwa, wenye herufi bilioni 3.1 kutoka kwa mama na karibu idadi hiyo kutoka kwa baba. Mahindi yana bilioni 2.3, mpunga milioni 390 hivi. Mtu anaweza kudhani kwamba mahindi yana akili mara sita ya mpunga. La. Karibu asilimia 85 ya DNA ya mahindi ni vipande vinavyojinakili na kurukaruka, jambo ambalo Barbara McClintock aliliona kwenye rangi za punje, akasubiri mpaka 1983 kupewa Tuzo ya Nobel. Na kamongo, yule samaki wa matope wa maziwa yetu makuu, vipimo vya uzito vya zamani vinampa herufi zinazofika bilioni 130, mara arobaini na ushei za binadamu. Hana habari.

Ukubwa ni jambo dogo. Herufi moja ni jambo kubwa. Katika jeni la himoglobini, herufi moja ikibadilika kutoka A kwenda T, asidi amino ya sita kati ya 146 za mnyororo mmojawapo inabadilika, na chembe nyekundu inakunjika kama mundu. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kupima damu za watu katika nchi zetu hizi, alionyesha kwa nini herufi hiyo haikufutika: aliyerithi nakala moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kila mtoto huzaliwa na herufi mpya 60 hadi 70 ambazo wazazi wake hawakuwa nazo. Nyingi hazifanyi lolote. Kunakili herufi bilioni sita na kukosea chache hivyo ni kazi ambayo hakuna karani anayeiweza, na inafanywa na protini, zinazolipwa kwa wanga, uliotoka kwenye gunia.

Kituoni, kabla mizani haijasomwa, mahindi huchomwa kipima unyevu. Yakizidi asilimia 13.5 yanarudishwa kuanikwa, na hapo maneno huwa mengi. Ndani ya punje kavu vimeng'enya vipo lakini vimelala. Bila maji hakuna kiungo cha wanga kinachofunguka, na ukungu haupati mlango. Maji yakiingia, punje inadhani Novemba imefika. DNA inasomwa, amilesi inatengenezwa, wanga unaanza kukatwa kulisha mche. Kwa mwenye ghala hiyo ni hasara ya Sh70,000. Na nyumba ya pili, mwanamke amechukua bakuli la ulezi, anaumwagia maji kwa makusudi, anaufunika kwa gunia tupu, kisha anahesabu siku tatu.